Dawa ya Meno Isiyo na Chumvi

Mwello, Tororo
Aprili 1966

Kwako Okware, mume wangu,

Huku mvua imekuja vizuri na mtama umeota. Ile dawa ya meno ya dukani uliyoniachia iliisha, kwa hiyo natengeneza yangu. Natwanga majani ya mpera, nachanganya na jivu, chumvi na asali kidogo mpaka inashikana. Ya kwanza nilimjaribishia mama yako. Alisugua, akatema, akasema, "Hii nauma ufizi." Nikapunguza chumvi. Sasa anaitaka kila asubuhi.

Roselyn, huyo uliyemwoa Kisumu, alifika Jumanne na mizigo yake. Nimempa chumba cha mbele. Ni mpole. Dawa ameijaribu pia, anasema kinywa kinabaki safi hadi jioni.

Uliniandikia kwamba mlifahamiana Krismasi iliyopita. Mtoto wake ana meno mawili ya chini, na ana masikio yako.

Jino la tatu linamsumbua, analia sana. Jana nilitwanga majani matupu, bila chumvi wala jivu, nikampaka ufizi kwa kidole. Katika nyumba hii sikuwahi kutia kidole kinywani mwa mtoto. Alinyamaza, akaniangalia, kisha akaning'ata. Nilikiacha kidole palepale, nikingoja maumivu yaje.

Roselyn ndiye aliyeshtuka. Akasema, "Dada, anakuuma."

Nikamwambia sijasikia kitu.

Ni mimi wa nyumbani,
Asekenye