Uvimbe Tuliouita Unene

Mujukuu wangu Amisi,

Hapa Kindu bado tunapumua. Bibi yako anakohoa, magoti yangu yamechoka, lakini kwa kupiga kasia hakuna kijana wa mutaa huu ananishinda.

Unauliza ule unga wa asidi amino, wenye vijana wa Lubumbashi wanakunywa kutafuta misuli, unafanya nini mwilini. Masomo yangu ni kidogo, lakini hiyo naijua.

Wakati wa vita tulijificha porini, upande wa Punia. Muhogo ulikuwa mwingi. Samaki hakuna, maharagi hakuna. Mama yako, mutoto mudogo, akajaa mashavu na miguu. Majirani wakanisifu: “Baba Zaina, wewe njo mwanaume! Hata vitani mutoto ananenepa!” Nikajivuna sana.

Lakini Zaina hakucheza tena, wala kulia. Muuguzi mumoja, mukimbizi kama sisi, akamubonyeza muguu, shimo likabaki. “Huu si unene, baba. Muhogo unajaza tumbo tu. Mwili unajengwa na vitu vya ndani ya samaki, maharagi, viwavi. Mutoto amevikosa.”

Vitu hivyo njo asidi amino yako. Kama daktari anasema umevikosa, kunywa. Kama unakula samaki kila siku, unapeleka matofali kwenye nyumba imekwisha kujengwa.

Bibi yako akaokota viwavi, akavitwanga, akavipika na sombe, majani ya muhogo. Tukamulisha polepole, tukiogopa kuangaliana. Asubuhi moja Zaina akanipiga na kijiko, akalia kwa hasira: anataka ingine! Watu wakasema tumunyamazishe, askari watasikia.

Bibi yako akakatala. “Acha alie.”

Mukono umechoka.
Babu yako