Kikapu cha Mama Kilikuwa cha Kwanza

Kwako Kiprono, ndugu yangu uliye mbali,

Nimekasirika, na sitakuficha. Jumanne Mama alikuwa aende Nakuru kufanyiwa upasuaji wa jicho. Hakufika. Aliachwa na gari kituoni, hapo stegi ya Kuresoi, na kilichomwacha ni ile app yako uliyoitengeneza ya kukata tiketi.

Unakumbuka asubuhi uliyoenda chuo? Mama alipeleka kikapu chake stegi jogoo hajawika, akakipanga kwenye foleni nyuma ya vikapu vya wenzake kikushikie nafasi. Wewe ulikuwa nyumbani unakunywa chai. Gari lilipokuja, karani akauliza, "Hiki ni cha nani?" Watu wakajibu, "Cha mama Kiprono, mtoto anaenda chuo." Ukapanda kama mfalme. Hakuna mtu huku hupita kikapu cha mwenzake, unajua hivyo.

Jumanne kikapu kilikuwa cha kwanza. Cha kwanza, Kiprono! Karani mpya akaangalia simu yake: "Mathe, gari limejaa." Limejaa wapi, na viti vitupu tunaviona? Kumbe vilikuwa vimekatwa kwa simu na watu wa kupandia huko mbele, Molo. Mimi na Mama na hizi simu zetu za mulika mwizi, za kupiga na kumulika tu, tungekata na nini? Halafu akakisogeza kikapu kwa mguu. Kwa mguu!

Sikatai app. Siku hizi watu hawanyeshewi wakingoja gari wasilojua litakuja saa ngapi, na hilo umefanya vizuri. Lakini wewe umezaliwa hapa! Kumwachia mtu wa kikapu kiti kimoja tu kulikushinda? Ama huko Nairobi ulishasahau nani alikupangia foleni?

Kinachonichoma zaidi ni Mama mwenyewe. Hakugombana. Alimwambia karani, "Hiyo kitu imetengenezwa na mtoto wangu," akicheka, kisha tukarudi nyumbani kwa miguu, mimi nimemshika mkono kwa sababu ya mashimo. Amenikataza nisikwambie. Ati utajisikia vibaya. Haya basi, jisikie vibaya!

Hospitali imempa siku nyingine, mwezi ujao. Usimkatie tiketi kutoka huko. Kuja nyumbani, uamke mapema, ubebe kikapu chake, ukiweke kwenye foleni na usimame hapo kwa matope. Karani akiuliza ni cha nani, umjibu wewe.

Ni mimi, dada yako, bado nimekasirika.