Mama Mkwe Aliponiinulia Pikipiki

Alhamisi jioni, Kitale. Mvua imeacha baridi, na kifundo cha mguu wangu kimefura. Stejini sijamwambia mtu. Naandika hapa kwanza, ambapo hakuna anayenijua.

Kesho kikundi chetu cha waendesha boda kinapiga kura: tuwanunulie wenzetu wapya pikipiki za injini kubwa kama yangu, au zile nyepesi kama ya mwenzetu Simiyu. Wiki nzima nimepigia debe injini kubwa. Simiyu alipojaribu kueleza yake, niliiita cherehani.

"Ukimaliza kunishonea suruali uniite, bana," nilimwambia. Steji yote ikacheka.

Leo nilipeleka mbegu za maharagwe kwa wakwe zangu, upande wa Mabanga, karibu na Bungoma. Njia ya kuingia bomani ni mteremko. Nilizima injini nikaiacha pikipiki iteremke yenyewe, kama nifanyavyo kwenye kila mteremko. Huwa nasema ni ujuzi wa dereva. Ukweli ni kwamba inakunywa petroli kuliko ninavyoweza kumudu.

Bila injini ya kuishikilia, uzito ulinishinda kwenye tope la langoni. Tukaanguka pamoja, ikanilalia mguu.

Mama mkwe alikuwa peke yake nyumbani.

Kwetu Wabukusu, mimi na yeye hatupeani hata mkono; kugusana ni aibu. Husalimiana kwa mbali, mimi nikitazama chini. Nilimwomba aite mtu.

"Nimwite nani, Baba Nekesa? Wote wako shamba."

Alijaribu kuiinua, ikamshinda. Akaleta mpini wa jembe, akauingiza chini ya chuma, akauegemea kwa kifua, na kwa mkono mmoja akanivuta mguu.

 

Alijifuta tope kwa leso, akanigeuzia mgongo kabla ya kusema tena.

"Hii kitu ulinunua ya kubeba nini?"

"Watu, mama. Na magunia."

"Ya jirani inabeba watu na magunia. Na ikianguka, mimi huiinua."

  Simiyu hupanda milima ileile na abiria walewale, na hajawahi kuzima injini akiteremka. Pikipiki yake ikiwa na chuma kidogo cha kujibeba, inachoma mafuta kidogo, na nguvu inayobaki inabeba mzigo. Nililijua hilo hata nilipokuwa nikimcheka.

Mimi nilinunua ngurumo.

Hao wenzetu wapya ni wembamba kuliko mimi. Kesho nitasimama, nimwombe Simiyu msamaha mbele ya waliocheka, kisha nieleze nilivyoanguka. Wataniuliza nani aliniinua.

Nitamtaja. Nikimficha, watadhani niliinuka mwenyewe, na watanunua zile kubwa.