Radhi Aliyoitaka Shangazi Ummu

Mbwajumwali,
Pate.
18 Mei 2025

Mpendwa dada Hadil,

Asalaam aleikum. Natumai wewe na shemeji mu wazima huko Maskati, na kwamba Raihana ameacha kukohoa. Picha yake akiwa amevaa viatu vya baba yake ilituchekesha sana. Sisi huku tu wazima wa mwili. Goti la mama linamsumbua akiinama, lakini anakwenda shamba vivyo hivyo.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yetu hapa ni moja, na kila ujumbe unaoingia husomwa kwa sauti. Anayekuletea barua hii ni Bi Kadija, jirani yetu, anayesafiri kesho. Nimemwambia ni mapishi uliyoniomba. Mungu anisamehe kwa uongo huo.

Najua umeshaambiwa kuwa nimemnyima Shangazi Ummu radhi. Nataka na mimi unisikie.

Wewe ulikaa kwake mjini, mtaa wa Langoni, kabla yangu, kwa hiyo maisha ya nyumba ile sina haja ya kukusimulia. Lakini hili hulijui. Siku ya mtihani wangu wa Bayolojia, Novemba iliyopita, alikuwa na oda ya sambusa za harusi. Aliponiona nimevaa sare akasema, "Mtihani wa mwanamke ni jikoni," akanifungia jikoni kule juu kwa komeo, mimi na beseni mbili za nyama. Saa mbili na nusu Mwalimu Bochaberi akaja kunitafuta. Nilimsikia shangazi akimjibu mlangoni, kwa upole kabisa, kwamba nina homa na nimerudi Pate.

Sikupiga kelele, dada. Niliona haya kupayuka mbele ya mwalimu. Kwa hilo najilaumu kila siku.

Matokeo yalipotoka, penye gredi yangu paliandikwa X, alama ya mtu asiyefika. Nilimweleza baba. Mwalimu naye alimpigia simu. Baba akasema, "Mtu wa bara ajua nini mambo ya nyumba yetu?" Ikawa basi.

Sasa shangazi anakwenda Hija. Ijumaa ya wiki iliyopita alikuja hapa kuaga na kuomba radhi, kama wafanyavyo mahujaji wote. Ua wetu ulijaa wanawake. Alimshika kila mmoja mkono na kusema, "Ndia ya Makka ni ndefu, nisamehe," na kila mmoja akamjibu, "Nishakusamehe, Bi Ummu, utuombee huko." Akafika kwangu. Akasema, "Na wewe mwanangu, kama niliwahi kukuudhi, unisamehe."

Kama!

Nilitazama mkeka. Neno halikutoka. Mke wa Bwana Amini akasema, "Mwali huyu hasemi mpaka alipwe mahari!" Wakacheka wote. Kisha wakaona kweli sisemi, wakanyamaza. Shangazi akaanza kulia, wakamkimbilia yeye. Mmoja alimpepea kwa upindo wa leso. Mimi hakuna aliyenigusa.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu mbaya wa kijiji. Bwana Amini, aliyenisomesha Kurani tangu nikiwa na miaka mitano, ameniambia moyo wangu una kutu. Baba aliniuliza, "Wataka dada yangu aende nyumba ya Mungu na mzigo wako mgongoni?" Nikitoa salamu kisimani huitikiwa kwa chini, kama na mtu anayelazimishwa. Mama haniteti wala hanitetei. Huniwekea chakula akaondoka.

Na kila mmoja humalizia kwa jina lako: "Mbona Hadil amemsamehe kwa simu, tena mara moja?" Hilo ndilo limeniuma kuliko yote. Sikukasirikii kwa kusamehe, moyo ni wako. Lakini nijibu kwa ukweli: alikutajia aliyokutendea, au nawe alikwambia "kama"?

Alhamisi shangazi alipiga simu. Baba akaiweka sauti kubwa, watu wamekaa, akanisogezea mdomoni. Nikasema, "Shangazi, sema mbele ya baba kwamba ulinifungia jikoni siku ya mtihani." Akasema, "Mtoto huyu mmemlea vibaya," akakata. Baba hajanisemesha mpaka leo.

Nimejiandikisha upya kwa mtihani wa Novemba, Mwalimu Bochaberi amenisaidia. Vitabu ninavyo. Sina wa kuniuliza nimesoma nini, lakini nasoma.

Ndege ya shangazi ni kesho kutwa. Wote waliomzunguka watamsindikiza hadi uwanjani, nami nitabaki hapa na neno la radhi wanalolitaka. Sikulitupa, dada. Siku atakayosema alinifungia, hata kwa kunong'ona, hata kwa simu kutoka Makka, nitamsamehe kabla hajamaliza kusema. Lakini aseme.

Nisalimie shemeji Amjad, na umbusu Raihana mashavu yote mawili. Mama anakusalimu. Baba angekusalimu pia kama angejua naandika. Mungu akuhifadhi ugenini na akurudishe kwetu salama.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda bado,
Shifaa