Sahihi ya Kwanza Kwenye Orodha

3 Machi

Mpwa wangu mpenzi,

Salamu zikukute hapo ofisini, mzima na kalamu mkononi. Huku sote hatujambo. Mgongo unaniuma kidogo, lakini huu ni mgongo ulioendesha malori nchi saba, una haki ya kulalamika.

Habari kubwa ni nyumba. Kampuni moja inataka kujenga nyumba mia mbili hapa bondeni, kuanzia mferejini mpaka shambani kwa Mama Mbegu. Wamekuja na vigingi vya utepe mwekundu, kimoja wakakipigilia katikati ya vitunguu vyangu bila hata hodi. Nikamwuliza mkubwa wao, bwana mmoja wa tai, "Hivi unaviona ni vitunguu, au unadhani ni mapambo?" Akacheka kwa adabu. Watu wa aina hiyo nawajua, nimekutana nao kila mpaka.

Waliitisha mkutano watueleze, tukawaeleza sisi. Mama Mbegu, unamkumbuka, jirani anayetuwekea mbegu za bonde zima kwenye chupa, aliwaambia nyumba zinaota popote, vitunguu haviwezi. Mwisho nikachaguliwa mwenyekiti wa kamati ya kupinga. Nani mwingine? Na unajua sisi hatuketi mkutanoni kabla ya kuandika mahudhurio. Bwana wa tai alikuwa na karatasi tayari. Nikatia sahihi ya kwanza, ile yangu ya mikia mitatu, kisha nikaizungusha mwenyewe, wasiojua kuandika nikawashika vidole wapige chapa. Akanisifu kwa utaratibu.

Usiwe na hofu. Nyumba hazijengwi mahali nilipo.

Mjomba wako,
Mwenyekiti

11 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mgongo umepoa? Mimi sijambo, ila kazini kumezuka jambo.

Jana mkubwa wangu aliniwekea mezani mchoro wa kunakili kwa wino. Niliutambua kabla sijasoma jina, kwa vile mfereji unavyojikunja pale tulipokuwa tunafulia. Ni nyumba zenyewe, mjomba. Bomba la maji machafu linapita katikati ya vitunguu vyako. Kwenye faili kuna orodha ya watu arobaini na mmoja, na juu yake, kwa herufi ndogo kama sisimizi, imeandikwa: "Sisi wenye mashamba tumeuridhia mradi." Sahihi ya kwanza ina mikia mitatu.

Nimemwuliza mwanasheria wa ghorofa ya chini. Anasema baraza la ardhi linakaa tarehe 30 Aprili. Orodha inaweza kufutwa kama aliyeizungusha atasimama mbele ya watu wote na kusema hakuisoma, wala hakuwasomea wenzake. Hayupo mwingine wa kulisema hilo.

Mchoro nimeomba apewe mtu mwingine. Mkubwa amenuna, atazoea.

Mjomba, uliisoma?

Mpwa wako

14 Machi

Mpwa,

Marahaba. Mimi mzima.

Sahihi za watu hufanana. Mimi nisaini kitu bila kusoma? Mimi niliyesoma karatasi za forodha nchi saba? Wameighushi hao. Na huyo mwanasheria wako wa ghorofa ya chini, kama anajua sana mbona hajapandishwa?

Nina palizi.

Mjomba

6 Aprili

Mjomba mpenzi,

Shikamoo. Unaendeleaje, na mbona kimya? Leo ni siku ya ishirini na tatu.

Dereva wa basi ameniletea salamu za Mama Mbegu. Mama anasema umejiuzulu uenyekiti kwa sababu ya mgongo, na siku hiyohiyo alikuona umebeba magunia mawili.

Sikuandika ili nikuaibishe. Nilipofiwa na mama ni wewe uliyenipandisha kwenye lori lako, ukanisomesha vibao vya barabarani mpaka nikajua herufi zote kabla ya wenzangu. Kazi hii ya kuchora imeanzia kwenye kile kiti. Hakuna kitu utakachoniambia kikakupunguza kwangu.

Niambie tu.

Mpwa wako

18 Aprili

Mpwa wangu wa pekee,

Marahaba, na samahani. Barua hii nimeianza mara nne, tatu zimewashia jiko.

Sikuisoma. Miwani yangu ni vioo vitupu, niliinunua bandarini kwa kuwa inanifanya nifanane na daktari. Shule niliiacha darasa la nne, na macho yalianza ukungu miaka sita iliyopita. Barua zako nazimudu kwa sababu unaandika yale maherufi ya ofisini. Nilikuambia nayapenda kwa uzuri.

Hilo ni dogo. Kubwa ni Mama Mbegu. Mwanawe yuko mbali migodini, na barua zake nazisoma mimi. Mwandiko wa yule kijana hata mwenye macho mazima angeomba msaada. Basi naokota neno hapa, neno pale, mengine natia mwenyewe. Nasema amemkumbuka mama, anakula vizuri, anawasalimia mbuzi. Mama anafuta machozi, anaikunja, anashukuru.

Sasa nikisimama niseme sioni, ataniuliza miaka sita nilikuwa namsomea nini. Shamba nalitaka, mpwa wangu. Lakini uso wangu nitauweka wapi?

Mjomba wako

23 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nimekusoma, na bado nakupenda vilevile.

Ulimdanganya, na itabidi umwambie. Akikasirika ana haki. Lakini ukinyamaza, atakosa shamba na bado siku moja atajua. Mwache akasirike akiwa kwake.

Mpwa wako

2 Mei

Mpwa wangu,

Pokea salamu za mtu aliyeaibika na bado anakula vizuri.

Nilisimama. Ukumbi wa shule ulijaa mpaka madirishani. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya nchi saba, ikanikimbia yote. Nikavua miwani, nikampa mwenyekiti wa baraza. Akaijaribu, akasema, "Mzee, hii haina kitu." Nikasema, "Na aliyeivaa hakuona kitu. Nilidhani ni karatasi ya mahudhurio. Sikuisoma, na hawa walisaini kwa kuniamini mimi." Fundi baiskeli akaanza kucheka, mkewe akamfinya.

Mama Mbegu akainuka. "Na barua za mwanangu?"

"Maneno mawili matatu yalikuwa yake," nikamwambia. "Mengine yangu."

Alinitazama mpaka nikahesabu vidole vya miguu. "Ile ya mbuzi nilijua si yake. Yule mtoto hawapendi mbuzi tangu azaliwe. Keti, tutaongea nyumbani."

Orodha imefutwa. Kampuni imeambiwa ianze upya, mlango kwa mlango, kila karatasi isomwe kwa sauti. Bwana wa tai ameahidi kurudi, kwa hiyo hatujamaliza. Ila mwaka huu tunapanda.

Jana Mama Mbegu alikuja na bati la biskuti lenye barua kumi na nne. Hakuingia ndani. Alisema, "Mwite mpwa wako aje anisomee za kweli, hata kama ni mbaya." Njoo Jumamosi. Ameniruhusu niwepo, mradi nifunge mdomo.

Naogopa, mpwa wangu. Yule kijana niliyemtunga nilikuwa nimeshampenda.

Mjomba wako