Chetezo Juu ya Boneti

Jumatano. Jua kali, upepo hakuna, na mimi sikai nikatulia. Nimezifua nguo ambazo zilikuwa safi.

Raya wangu ni fundi wa boti za faiba hapa Chukwani, na mtoto kama yule Unguja nzima hamna. Nasema mwenyewe. Kuna gari la Kiingereza la mbio, la miaka ya sitini, lililala bandani Kiembe Samaki mpaka likaota ukungu. Mafundi watatu walilijia na nyundo. Nyundo! Bodi yake si bati, ni faiba, kama boti, ndipo mwenyewe akamletea Raya.

Waingereza wale, kanisomesha Raya, hawakuhangaika na injini kubwa, walipunguza uzito. Chini kuna uti mmoja wa chuma, umepita katikati kama mfupa wa samaki, na bodi imekalishwa juu yake. Injini ndogo, gari linaruka. Haya nimeyasimulia kwenye harusi mbili na hitima moja.

Mwenye gari alikuwa aje kesho. Akiridhika, atampa Raya na magari ya rafiki zake, mwanangu aache kuwa msaidizi kwenye karakana ya watu.

Asubuhi Raya kaenda mjini kutafuta vioo vya taa. Gari liko uani, jekundu, linang'ara. Nikaona halitoki bila kufukizwa udi. Macho ya watu mengi, na mengi nimeyaita mimi. Nikaweka chetezo juu ya boneti, makaa yamekolea, nikaingia ndani kupokea simu ya dada yangu. Nikamsifu Raya weee.

Kutoka, rangi imevimba, duara kama sahani.

Nikalifunika kanga. Nakiri, nilitaka kulisingizia jua.

Raya karudi na vioo vyake. "Mama, nani kalivisha gari kanga?"

"Jua, mwanangu."

"Na udi huu nnaousikia?"

Nikamwambia. Akabonyeza pale kwa kidole, pakabonyea.

"Faiba imeungua mpaka ndani. Kesho halitoki. Mpigie wewe mwenye gari."

Nikampigia. Nikasema mie mama yake fundi, nimekuunguzia gari kwa udi. Akauliza:

"Fundi ataweza kulitengeneza?"

"Ataweza," nikasema. Sikuongeza neno.

Kasema atakuja Jumamosi kutazama.

Alasiri hii nasikia msasa uani, kwaru kwaru, hausimami. Raya hajaniita tangu adhuhuri. Chai nshaipika mara mbili, inapoa. Nimpelekee, au nimwache kwanza amalize hasira zake?