Ngozi Uliyoniachia

Lubumbashi, Jumanne jioni

Mama, bado watu wanakuja kutupa pole na mandazi na chupa za soda, sukre zetu hizi. Mfiwa akikataa, ni kama amekataa pole yao. Basi ninakunywa, ninakula, na uso wangu umejaa chunusi.

Leo dada yako, Mama Mukubwa, alinipa krimu ya kujichubua. "Pakala hii, mutoto yangu. Sura iko sawa njia ya Kasungami, mashimo tupu!"

Nilicheka, nikamrudishia. "Nitaacha kwanza sukre."

"Na bageni?"

"Batanisamehe."

Labda ni sukari, labda ni huzuni. Sijui. Lakini ngozi hii nimeirithi kwako, sitaichoma kwa krimu. Kuanzia kesho ni maji, ugali wetu wa bukari na mboga ya lengalenga, hata wageni wakinuna.

Huko uliko, Mama, unikumbuke.